Siku Saleh Alipowapa Watoto Jiko

Ukitaka kumjua Saleh wa Kaloleni, mjini Kisumu, ngoja harusi. Utamkuta tangu alfajiri amesimama kati ya masufuria matatu ambayo mtoto wa chekechea anaweza kujificha ndani yake, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, jasho linamtoka, na harufu ya pilau imeshavuka mitaa miwili. Baba yake alikuja kutoka pwani na kazi ya reli, akaoa msichana Mjaluo wa Sondu. Ndiyo maana Saleh hugomba kwa Kiswahili na kuomba radhi kwa Kijaluo. Ana miaka sitini na mmoja, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameimaliza mbele ya moto.

Jambo moja alilojulikana kwalo kuliko hata pilau yake ni kwamba hakuna aliyeruhusiwa kugusa mwiko wake. Kila alipopika alimwaga majivu kuzunguka meko, akachora mstari. Ukiuvuka, ulifukuzwa, uwe bwana harusi au mama mkwe. Hata Laila, binti yake wa pekee, alijifunza kupika kwa jirani.

Basi mwaka huu, Ramadhani ikiwa katika wiki ya tatu, Mwalimu Safia wa madrasa alibisha hodi nyumbani kwake.

"Karibu, Mwalimu. Nani anaoa?" Saleh akauliza.

"Hakuna anayeoa, Mzee. Ni watoto. Idd ya mwaka jana unaikumbuka?"

Nani angesahau? Watoto wa madrasa walifanyiwa sherehe ya soda, peremende, chipsi na keki ya krimu. Kufikia alasiri kumi na mmoja walikuwa wameshika matumbo, na mmoja alitapika ndani ya mkoba mpya wa Mwalimu Safia.

"Mwaka huu nataka chakula cha sikukuu kinachojenga mwili," Mwalimu akasema. "Mboga, samaki, matunda. Na nataka wakile, wasikiangalie tu."

"Watakula," Saleh akajibu, kifua mbele. "Unaongea na Saleh."

Jumamosi iliyofuata akapika chakula cha majaribio kwa wale wadogo wasiofunga siku nzima, kumi na wawili kwa jumla. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga, kwa hiyo alipika kwa kunusa tu, na bado viungo vilikaa sawasawa. Pilau ilijaa njegere na karoti, na kando kulikuwa na kilima cha sukuma wiki. Akasimama mlangoni kungoja sifa.

Watoto wakala nyama. Wakala wali. Kisha, kwa subira ambayo hawakuwahi kuionyesha darasani, wakachomoa karoti moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani, zikafuatana kama mabehewa ya treni. Sukuma haikuguswa. Sabir, kijana wa miaka sita asiyejua kuficha neno, akainua kichwa.

"Babu, chipsi iko?"

Saleh alikusanya sahani. Katika maisha yake yote ya upishi hakuwahi kurudishiwa chakula. Siku mbili nzima hakuongea vizuri na mtu.

Jumatatu alasiri alikaa uani akimenya mboga za futari, uso umekunjamana. Aaliyah, binti wa Laila, mwenye miaka minane, alikuwa amesimama nje ya mstari wa majivu. Siku hizo alikuwa akifunga nusu siku, na adhuhuri ilishapita.

"Babu, hiyo nyekundu nyekundu ni nini?"

"Bitiruti. Nimeichemsha. Mama yako anaipenda."

"Naweza kuitwanga?"

Saleh alifungua mdomo amfukuze, kama alivyozoea. Lakini njaa ya saumu ilikuwa imemlegeza, na zile karoti za Jumamosi zilikuwa bado zinamsumbua moyoni. Akasogeza kinu.

"Pita. Taratibu."

Aaliyah aliruka majivu kabla babu hajabadili nia. Akatwanga kwa mikono miwili, ulimi nje, mpaka rangi ikamrukia puani. "Babu! Angalia mikono yangu! Tukiweka kwa unga, chapati itakuwa hivi?"

"Sijui," Saleh akasema. Na kwa kweli hakujua. Lilikuwa neno geni kinywani mwake.

Wakakanda pamoja. Aaliyah akasukuma, akatoa kitu chenye pembe tano. Saleh akakiweka kwenye kaango na tone la mafuta, akakigeuza, na wote wawili wakainama kutazama. Ilikuwa chapati ya waridi! Aaliyah alipiga ukelele hata jirani akachungulia juu ya ua. Na yule mtoto, ambaye Jumamosi alipanga karoti nyingi kuliko wenzake wote, akala chapati tatu za bitiruti bila mchuzi, akajipangusa mdomo, akauliza, "Na karoti je? Inatoa rangi gani?"

Saleh aliweka kaango chini. Alivaa viatu, akasahau kofia, akashika njia ya soko la Kibuye.

Kibuye alikuwako Waceke, ambaye wote humwita Mama Shiku, Mkikuyu aliyeuza mboga pale kwa miaka ishirini na kumjua Saleh kwa vitunguu tu. Alipomwona anachagua karoti, spinachi na bitiruti kwa magunia, akashika kiuno.

"Mzee, leo unapikia harusi ya sungura?"

"Ya watoto. Nataka rangi, Mama Shiku. Nyekundu ninayo, kijani ninayo. Karoti inafifia. Nataka manjano ya kung'aa."

"Malenge," Waceke akasema bila kufikiri. "Chukua hili lililoiva vizuri. Na mimi nakuja kuona. Siwezi kukosa hiyo."

Idd pili ikafika. Ua wa madrasa ulikuwa umejaa watoto arobaini na kitu, kila mmoja amevalia nguo mpya, na juu yake shati kuukuu la baba, kwa amri ya Mwalimu Safia. Kulikuwa na meza tatu. Ya kwanza ilikuwa ya unga. Ya pili ilikuwa ya samaki: minofu ya mbuta kutoka ziwani, iliyochemshwa na kutolewa miiba, ikingoja kuchambuliwa na kufinyangwa kababu pamoja na dania na karoti. Ya tatu ilikuwa ya matunda na maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari ila asali kidogo. Motoni waliruhusiwa watu wazima peke yao. Pengine pote palikuwa pa watoto, na majivu Saleh hakuyamwaga.

"Bismillah," akasema.

Lo! Kelele zilizozuka! Unga uliruka hadi kwenye nywele. Wawili walipigania kibao cha kusukumia. Msichana mmoja alifinyanga kababu kama samaki mwenye mkia, na mara meza nzima ikawa inafinyanga samaki, viboko na mamba. Saleh alikimbia huku na huku, mikono hewani: "Polepole! Usilambe mwiko! Nani ameweka ndizi kwa samaki?"

Katikati ya vurugu hiyo Sabir alikuja amebeba beseni la kinyunya chekundu, kubwa kuliko kifua chake. Akajikwaa. Beseni lilimponyoka, na kinyunya chote kikatua, pwaa, juu ya kile cha manjano ambacho wenzake walikuwa wamekikanda saa nzima.

Kila jicho lilimgeukia Saleh. Mdomo wa chini wa Sabir ulianza kucheza.

"Yawa," Saleh akanong'ona, yaani jamani kwa Kijaluo.

Akainama, akachota donge lenye rangi mbili, akalivuta likawa kamba, akalizungusha, akalisukuma mara tatu na kulitupa kwenye kaango. Lilipogeuzwa, mistari myekundu na ya manjano ilikuwa inajizungusha toka katikati hadi ukingoni.

"Konokono!" Aaliyah akapaza sauti.

"Konokono! Konokono!" ua mzima ukaitikia. "Babu, na mimi! Yangu tia kijani!" Sabir, ambaye machozi yalikuwa hayajakauka, alisimama mbele akiwaeleza wenzake namna ya kuchanganya, kana kwamba alipanga tangu jana.

Laila alikuwa upande wa moto, akimpa baba yake chapati mbichi, lakini hagusi kaango. Saleh alimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Baba, mimi mbona hukuwahi kunifundisha?"

Hakukuwa na hasira katika swali lile, na ndiyo maana lilimwingia sana. Alimtazama bintiye, mwanamke wa miaka thelathini na nne mwenye unga kwenye kidevu.

"Nilikosea, mama," akasema. Kisha akamnyooshea mwiko wake. "Shika. Hiyo iko tayari kugeuzwa."

Laila aliupokea kwa mikono miwili. Chapati ya kwanza akaichoma kidogo. Ya pili ikatoka safi, na baba akaguna kwa kuridhika kama anavyoguna pilau ikikauka vizuri.

Kula kulikuwa sherehe nyingine. Kila mtoto alifunga kababu na kachumbari ndani ya chapati yake, akailinda kwa mkono. "Usiguse, hii nimetengeneza mimi!" Sahani zikarudi tupu, na mabakuli ya matunda yakafutwa kwa vidole. Sabir alikula konokono nne, mbili zikiwa za spinachi, na chipsi hakuiulizia. Waceke alikaa kwenye kiti cha plastiki, anacheka mpaka machozi.

"Mzee Saleh," akasema wakipanga masufuria, "Disemba watoto wa kanisa letu wana sherehe ya Krismasi. Utakuja?"

Alikwenda, tena na Laila, kila mmoja na mwiko wake. Hata hawajashusha mizigo, watoto walikuwa wamewazunguka, na Adongo, msichana wa miaka saba, alikuwa ameshika shati la Saleh.

"Babu, mimi nataka kupika chapati ya bluu."

Saleh alikuna kichwa. Akamgeukia Waceke. "Mama Shiku, mboga ya bluu ni gani?"

"Hakuna, Mzee!"

"Iko!" akasema mtoto mmoja.

"Biringanya!" mwingine akadakia.

"Biringanya ni zambarau!"

Saleh alikuwa tayari anakunja mikono ya shati. "Basi leteni biringanya," akasema, "tuone."