Kura ya Kiti cha Bi Ilona

Kwa miaka kumi na tisa Lyle Kubiak amekuwa akilipwa kutafuta kasoro. Anasimama kiwandani, upande wa mashariki wa Toledo, chupa zinapita mbele yake kwenye mkanda, naye anazitoa zenye ufa, zenye mapovu na zenye shingo iliyopinda. Akirudi mtaani macho yake hayajui kupumzika. Atakuambia picha yako ukutani imekaa upande na supu yako imezidi chumvi, halafu atashangaa mbona umenuna.

Nasema haya mapema ili usimhukumu haraka. Mimi nilimhukumu haraka, na tangu siku hiyo nafsi yangu haijatulia.

Sisi tunajiita Kochi Bovu. Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana katika duka lililokuwa la fundi viatu, watatu wanakaa kwenye kochi wanacheza gemu za zamani, mimi nasimama nyuma ya kamera na mitambo, na matangazo yanakwenda moja kwa moja mtandaoni. Hatuna tangazo la sabuni wala la gari. Mashabiki wanatuchangia kidogo kidogo kila mwezi, na kwa sababu hiyo wana sauti. Rondell Pettway, aliyeanzisha kundi, aliwaahidi tangu wiki ya kwanza: "Mnachangia, mnaamua." Kila baada ya miezi mitatu wanaandika maoni bila majina. Rondell anachagua matano, yanasomwa hewani bila wengine kuyaona kabla, kura inapigwa papo hapo, na itakachosema ndiyo sheria. Kwa kura walimnyoa Rondell ndevu mbele ya kamera. Kwa kura walinipiga marufuku nisiweke nyimbo ninazozipenda. Tulicheka.

Lyle ndiye mchangiaji wetu wa kwanza. Kwa miaka sita amejitolea kutuandalia ule ukurasa wa maoni, akautengeneza mwenyewe hata sisi tusijue nani kaandika nini. Kila Jumamosi yuko nasi dukani, na siku ya kusoma anakaa kwenye kigoda pembeni ya kochi, anasoma kwa ile sauti yake ya pua, na mashabiki wanamwamini kuliko wanavyotuamini sisi.

Miaka miwili iliyopita mchezaji wetu wa tatu alihamia Arizona. Wote tulijua Lyle anakitaka kile kiti, lakini hakusema. Ni mtu wa kukuambia supu ina chumvi, si mtu wa kukuambia ana njaa. Tukawa tunasubiri aseme, naye akawa anasubiri aulizwe, na katikati ya kusubiriana huko akaingia Bi Ilona.

Bi Ilona Takacs ni shangazi yake Tess, yule mchezaji wetu mwenye mdomo. Ana miaka sitini na mitatu. Alikuwa mpishi wa shule, na nusu ya vijana wa mji huu wamekula chakula cha mkono wake. Alikuja kumletea Tess kuku wa paprika, akakaa ajaribu mara moja, na mashabiki wakampenda hapo hapo. Kura ikapigwa, kiti kikawa chake. Lyle ndiye aliyesoma matokeo, akapiga makofi.

Sasa, Bi Ilona anavyocheza! Anasoma kila kibao cha njiani. Anasalimia kila mwanakijiji wa kwenye gemu, akirudi anamsalimia tena. Gemu inayoisha kwa saa kumi inamchukua majira mazima ya baridi. Wapo mashabiki wanaokuja kwa ajili hiyo tu, na wapo wanaosaga meno. Akianguka shimoni kwa mara ya nane, Lyle humwambia, "Pole, Bi Ilona, jaribu tena." Na chakula kikifunuliwa, sahani ya kwanza ni ya Lyle.

Jumamosi ile ya Februari theluji ilikuwa imefika magotini. Watu kama mia tisa walikuwa wakitutazama. Maoni manne ya kwanza yalikuwa ya mzaha, tukapita nayo vizuri. Rondell akamkabidhi Lyle karatasi ya tano.

Lyle akaitazama, akanyamaza.

"Vipi, umemeza ulimi?" Tess akamuuliza.

Akasoma. "'Bi Ilona anachelewesha kila kitu. Tangu apewe kiti, gemu imekuwa foleni ya benki. Ni mtu mzuri, lakini si mchezaji. Apumzishwe, kiti apewe anayekiweza.'"

 Nilisikia mashine ya joto ikinguruma.

"Rondell," Tess akasema, "hii umeichagua wewe?"

"Zilikuja tatu za namna hiyo. Tuliahidi hatuchuji."

"Hamchuji, lakini aibu je? Huyu ni shangazi yangu, bwana!"

"Nikificha hii leo, kesho nitaficha nini?"

Nikasema kutoka nyuma ya kamera, kitu ambacho huwa sifanyi, "Tukate matangazo, Rondell."

"Hatukati, Faye. Weka kura. Dakika kumi."

Nikaiweka. Mistari miwili ikatokea chini ya skrini, wa kijani abaki, mwekundu atoke. Bi Ilona alikuwa bado ameshika padi yake ya gemu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto.

"Soma tena, Lyle," akasema. "Polepole."

"Bi Ilona, haina haja..."

"Soma, mwanangu. Nataka nisikie vizuri mtu anavyoniona."

Akasoma tena. Safari hii alisoma bila kuinua macho, na alipofika kwenye foleni ya benki akalazimika kuanza sentensi upya. Mimi nikajiambia, maskini Lyle, ana moyo laini kumbe. Kijani kilikuwa asilimia sitini na moja. Nikashusha pumzi. Kikawa hamsini na nane. Kikawa hamsini na tano.

Bi Ilona akamgeukia. "Wewe uko hapa kila Jumamosi. Na kazi yako ni kutoa chupa mbovu. Usinionee haya. Nachelewesha?"

Zilibaki dakika sita. Nilimsogezea Lyle kamera, kwa mazoea ya kazi, nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo. Alitazama mlango. Alitazama ile mistari. Angeweza kusema hapana, na naapa hakuna ambaye angejua hadi leo.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyeandika. Ni mimi, Bi Ilona."

Tess akasimama. "Ati nini? Wewe? Unayekula sahani ya kwanza?"

"Ilikuwa Januari, nimetoka zamu mbaya, nikakaa nikaandika haraka haraka. Nilidhani itapotelea humo kwenye mengine mia mbili." Akaigeukia kamera, na mimi nikajikuta natazamana naye. "Jamani, msipige kura. Hayo si maoni, ni wivu. Kiti kile nilikitaka mimi. Nimekitaka miaka miwili. Mama wa watu hana kosa lolote. Rudisheni kijani, tafadhali."

Wakati ule nilimchukia. Wakati huo huo nilifurahi, maana nilidhani ameokoa jahazi. Nani angemfukuza mama wa watu baada ya kusikia vile? Naye nadhani alitegemea hivyo. Alijitupa motoni ili Bi Ilona abaki.

Lakini watu wale wamemjua Lyle miaka sita. Wanaliamini jicho lake. Ujumbe ukaanza kumiminika pembeni mwa skrini, na mimi niliusoma wote kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kama Lyle mwenyewe ameona hivyo, basi ni kweli. Lyle hakosei. Mtu mkweli kama huyu hajapata kutokea. Mpeni Lyle kiti.

Nyekundu ikapanda. Hamsini. Hamsini na mbili.

"Nimesema ni wivu!" Lyle akapaza sauti. "Hamsikii? Nimesema ni roho mbaya yangu!"

Ona anavyomtetea, wakaandika. Ona moyo wake.

Hamsini na tano.

"Lyle, kaa kimya," Rondell akamwambia kwa kunong'ona. "Kila ukisema unaharibu."

Akakaa kimya. Zilibaki dakika mbili. Bi Ilona alikuwa anatazama namba kama wanavyotazama watu wengine kwenye vyumba vya kusubiria daktari, bila kuonyesha kitu. Kura ikajifunga yenyewe. Atoke: hamsini na saba.

Rondell akasimama. Ndiye aliyetoa ahadi, na hakuwa na pa kujificha. "Samahani, Bi Ilona," akasema mwishowe, akitazama viatu vyake. Tess alienda chumba cha nyuma akabamiza mlango, tukamsikia analia kwa hasira, anatukana watu mia tisa mmoja mmoja.

Bi Ilona akainuka, akavaa koti, akafunga vifungo vyote. Hakuharakisha. Kisha akaenda hadi kwenye kigoda.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambiaje?"

"Hivi hivi ulivyowaambia wao. 'Bi Ilona, na mimi nataka kucheza.' Tungegawana, Jumamosi moja yako, moja yangu. Unadhani ningekataa?"

Lyle akaikunja ile karatasi mara nne.

"Siku sita za wiki sina wa kuongea naye," akasema. "Hii ndiyo ilikuwa ya saba. Nusu yake ningekupa, na ningekupa kwa furaha." Akamwekea padi mapajani. "Cheza basi. Watu wanasubiri."

Akatoka. Lyle akamkimbilia bila koti, na kupitia kioo cha dirisha niliwaona kwenye theluji, Lyle anaongea kwa mikono, Bi Ilona anatikisa kichwa. Hakuwa amekasirika. Alimpigapiga begani, akaingia kwenye gari lake, akaondoka taratibu.

Huku ndani Rondell alikuwa anasoma ujumbe kwenye skrini. Lyle, Lyle, Lyle, mamia kwa mamia.

"Faye," akaniambia, "badilisha jina."

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikafuta jina la Bi Ilona pale chini ya skrini, nikaandika la Lyle Kubiak.

Aliporudi, theluji kichwani, alilisoma jina lake mara moja. Akanitazama mimi, si Rondell. Halafu akaja akakaa kwenye kochi, mahali pa Bi Ilona, na nikamwelekezea kamera.