Mwalimu Breki na Mama Mkwe Wake Kati ya Maharamia

Wanafunzi wake wa udereva ndio waliombandika jina la Mwalimu Breki, na halikuwa la kumsingizia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameketi upande wa abiria katika gari dogo la kijivu, mguu wa kulia umekaa tayari juu ya breki ya pili iliyowekwa kwa ajili ya mwalimu. Mwanafunzi akilipeleka gari ukutani, yeye hapigi kelele. Husema tu, "Taratibu, mwanangu," na mguu unamaliza maneno yaliyobaki.

Mtu huyu asiyetetemeshwa na lori linalokuja uso kwa uso alikuwa akimwogopa binadamu mmoja tu, mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu. Alizalisha nusu ya mtaa, na hata baada ya kustaafu alikuwa na tabia ya kumtazama mtu tumboni kwanza, usoni baadaye. Katika miaka kumi na moja ya ndoa, Mwalimu Breki alikuwa amezungumza naye maneno matatu: "Shikamoo, mama," "Ahsante, mama," na "Nimeshiba, mama." La tatu mara nyingi lilikuwa la uongo.

Jumamosi moja mke wake alikuwa amepanga kwenda na mama yake kutazama filamu ya maharamia, sehemu ya pili, iliyosubiriwa miaka sita. Saa sita mchana akateleza bafuni, kifundo cha mguu kikavimba kama andazi.

"Mpeleke mama wewe," alimwambia mumewe, mguu ukiwa juu ya mto. "Tikiti zisipotee."

"Mimi? Filamu za kitoto zile?"

"Za kitoto ndiyo. Utavumilia."

Hakujua, maskini, kwamba sehemu ya kwanza mumewe alikuwa ameitazama mara nne, kwenye simu, ndani ya gari la mafunzo, kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Ila mtu aliyekwisha kutangaza mezani kwamba maharamia ni mambo ya watoto atajirudi vipi?

Basi saa nane wakawa wameketi ukumbini, mkwe na mkwe, katikati yao pakti ya bisi ambayo kila mmoja aliona haya kuigusa. Taa hazijazimwa bado. Mama akakohoa.

"Ile ya kwanza uliiona, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Basi nikueleze, usije ukapotea. Nahodha alifungwa kwenye nanga, akatupwa majini. Gavana akateka merikebu. Na aliyemsaliti nahodha ni mpishi."

Mwalimu Breki akauma ulimi. Akatazama dari. Akajikaza kiume, lakini kuna mambo mtu hawezi kuyaachia yapite hivi hivi.

"Si mpishi, mama. Mpishi alikuwa amelala ghalani, amelewa. Ni yule mshona tanga."

Mama mkwe akageuka polepole. Kwa mara ya kwanza alianza na uso.

"Si umesema hujaiona?"

"Nilisimuliwa."

"Na huyo msimulizi alikusimulia mara ngapi?"

"Mara nne, mama," akasema, jasho likimtoka.

Mama akachukua pakti ya bisi, akampakulia kiganja kizima, na taa zikazimwa.

Mambo yalianza vizuri. Tufani, mizinga, kasuku mwenye matusi. Kisha merikebu ikashika njia ya miamba. Usukani umekatika, mawe yanakuja, na mguu wa kulia wa Mwalimu Breki, bila kuomba ruhusa, ukakandamiza kwa nguvu zake zote. Mbele yake hapakuwa na breki. Palikuwa na mgongo wa kiti, na kwenye kiti palikuwa na bwana mmoja mnene wa shingo.

"Samahani, bwana," akanong'ona.

Wimbi la pili, teke la pili. La tatu likarusha bisi za yule bwana mpaka safu ya mbele. Akainuka, akageuka, kidole juu, akamulikwa na mwanga wa mizinga.

"Wewe b... Mwalimu?"

Walitazamana.

"Nilijua!" bwana akasema. "Mguu huu naufahamu. Umenishika miezi mitano barabarani, leo umenifuata hata huku!" Akakusanya koti lake, akahamia upande wa pili wa ukumbi, akitikisa kichwa.

"Nyoosha miguu sasa, mwanangu," mama mkwe akasema. "Njia nyeupe."

Ikafika pale gavana alipokuwa akisherehekea, na mkono ukatokea majini, ukashika kamba. Nahodha! Ukumbi mzima ukapiga yowe. Mapanga yakakutana juu kabisa ya mlingoti, gavana na nahodha wakakabana kifua kwa kifua, hakuna anayesogea. Hapo mama mkwe akasahau umri, magoti na ukwe. Akasimama wima na sauti yake ya wodini:

"Sukuma! Vuta pumzi, sukuma!"

"Sukuma!" akaitikia Mwalimu Breki, naye yuko juu.

Wanawake wawili watatu pale ukumbini, ambao bila shaka waliwahi kuisikia sauti ile siku ngumu, wakaitikia bila kufikiri. Punde ukumbi wote ukawa unasukuma. Gavana akaanguka baharini, na mama mkwe akaketi akipangusa uso kwa ncha ya khanga, kama aliyemaliza zamu.

Njia nzima ya kurudi walibishana. Mama alisema nahodha kamwacha gavana aogelee kwa sababu ana moyo mzuri. Mkwe alisema ni uzembe, adui haachwi nyuma yako bila kioo cha kumwona. Walifika nyumbani, injini ikazimwa, na hawakushuka. Mikono ilikuwa ikirushwa ndani ya gari hata mke wake, aliyekuwa dirishani, akadhani ndoa imevunjika. Akatoka akichechemea kwa mguu mmoja.

"Jamani, mmegombana? Mama, kakukosea nini?"

Mama mkwe akateremsha kioo.

"Hebu tuache kidogo," alimwambia binti yake. "Miaka kumi na moja nilidhani umeolewa na bubu. Rudi ndani ukapumzishe mguu." Kisha akamgeukia mkwewe. "Enhe. Na yule kasuku, ulimwelewa?"