Mizani Juu ya Meza ya Wakwe

Saa saba na dakika kumi na mbili mchana, siku ya Jumamosi, nilitoa mizani ya jikoni mkobani nikaiweka juu ya meza ya watu tuliokwenda kuwaomba binti. Hakuna aliyenituma. Kosa ni langu, na ninaliandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna tena anayeweza kulisikia bila kucheka.

Nina miaka hamsini na mbili, ni fundi pampu, naishi Magoma. Kisukari ninacho mwaka wa tatu sasa. Daktari aliniambia nipunguze wanga, basi. Mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa simu: gramu za ugali, gramu za ndizi, saa za kula. Yote nayaandika kwenye daftari. Nyumbani mpango huu hauna taabu. Taabu ni safari. Ukila kwa watu, utajuaje kama kijiko cha mafuta kilikuwa kijiko au upawa?

Siku hiyo nilikuwa mshenga wa mpwa wangu, Elia. Alikuwa anamtaka Neema, binti wa mkulima wa Mgwashi, na baba yake Neema alishasema waziwazi kwamba kuna kijana mwingine, wa Lushoto mjini, anayebisha hodi. Kila kitu kilitegemea mdomo wangu. Na mdomo wenyewe, ndugu yangu, nilikuwa nimeuwekea masharti!

Asubuhi, Mombo, tukisubiri gari la kupanda mlimani, nilimwomba mama wa mgahawa mayai mawili ya kuchemsha bila chumvi, na chai ya rangi bila sukari.

"Umefiwa, baba?" akaniuliza.

Elia alicheka. Mimi niliandika: mayai mawili, saa kumi na mbili na nusu.

Mgwashi walitupokea vizuri mno. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Mzee akasema kwake posa haizungumzwi na mtu mwenye njaa, na chakula kikaja: makande, ndizi za kupika na nyama ya mbuzi, mboga za majani, parachichi. Yeye ni mzee wa kanisa. Alikiombea chakula sala ndefu mpaka makande yakaanza kupoa. Tukaitika amina.

Ndipo nikatoa mizani!

"Hiyo nini, mshenga?"

"Mizani, baba. Nataka gramu mia moja tu za ndizi. Ni mambo ya afya."

Nikaweka kipande. Gramu mia moja na kumi na nne. Nikakata ncha, nikairudisha kwenye bakuli la watu wote. Kwa mkono!

Ninachokijua leo ningekijua hata siku ile kama ningetumia akili. Wale wamelima karoti na kabichi maisha yao yote, na kila aliyewahi kuingia uani mwao na mizani alikuwa dalali. Hakuna mizani iliyowahi kuja pale ikawaongezea kitu.

"Chakula kimeshaombewa," mzee akasema taratibu, "na wewe unakipima. Unadhani tumekuibia, au unadhani tumekuwekea kitu?"

"Hapana, baba. Ni wanga..."

"Ukimaliza ndizi, mpandishe na Neema. Utuambie kilo ngapi, tujue bei."

Elia aliinama mpaka nikaona kisogo chake. Hapo ningeomba radhi, mambo yangeisha. Badala yake nilimweleza mzee wa miaka zaidi ya sabini jinsi tumbo linavyofanya kazi. Dakika kumi nzima! Kisha nikasukuma sahani kando bila kuonja, wajue kwamba mimi ni mtu wa msimamo.

Sasa sikia ujinga wa mtu anayejisomesha huku akiruka kurasa. Kidonge changu cha sukari nilikuwa nimekimeza saa saba kasoro dakika tano, maana hakitaki chakula kichelewe. Chakula ndicho hicho nimekisukuma! Saa nane na nusu niliposimama kuomba binti, sukari ilishashuka, jasho likanitiririka kwenye baridi ile, maneno yakanichanganyikia.

"Tumekuja kwa heshima," nikasema, "kuwaomba mtupe Elia."

"Elia si mmekuja naye?" mzee akauliza.

Nikakaa chini. Sakafuni.

Mama yake Neema ndiye aliyeniwahi, na kikombe cha chai. Alitia sukari vijiko vinne. Nilivihesabu hata katika hali ile.

"Kunywa, baba. Hii hatujaipima."

Wakacheka wote, mzee naye. Nilipopata nguvu nikala ndizi zote na mabakuli mawili ya makande. Hayakuwa na mafuta hata tone. Chakula nilichokuwa nakitafuta tangu Mombo kilikuwa mbele yangu muda wote ule!

Posa haikupokelewa.

"Mgosi," mzee aliniambia mlangoni, kama Wasambaa wanavyomwita mwanamume, "huna ubaya, ila huna adabu. Rudini baada ya wiki mbili na mbuzi wa faini na mshenga mwingine. Na hiyo mizani iache hapa."

Tulipopita Soni, Elia akanigeukia. "Mjomba," akasema, "afadhali ungekula ukafa."

Elia na wengine watatu walirudi Mgwashi bila mimi. Neema wamempata. Kadi ya harusi imeletwa, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu: "Mjomba, njoo na tumbo tu."

Wewe unayesafiri na masharti ya tumbo, nakuonya. Mpigie mwenyeji siku moja kabla, umtajie ugonjwa wako. Hiyo ni aibu ya dakika moja. Jipakulie kidogo, macho yanatosha kupima. Kidonge cha kwenda na chakula usikimeze kabla sahani haijafika. Na usimfundishe mtu habari za tumbo ukiwa mezani kwake!

Mizani iko Mgwashi. Nasikia mzee anapimia matunda yake ya plamu kabla dalali hajafika, na dalali wa juzi aliondoka amenuna. Mimi nimebaki na daftari. Ukurasa wa mwisho hauna gramu. Una mbuzi wa faini, nauli za watu wanne za safari ya pili, na mizani yenyewe: jumla shilingi laki mbili na sitini na tatu elfu, zote kutoka mfukoni mwangu.