Waliyoniambia Wakinisindikiza

Tarehe 20 Januari 2004, asubuhi, tulimpoteza Esta, mtoto wa darasa la pili, kwenye barabara ya pembeni inayofuatana na barabara kuu, nje kidogo ya mji wa Fort Worth, Texas. Alikuwa akienda shule kwa miguu. Aliyemgonga ni mama mmoja aliyekuwa akitoka zamu ya usiku hospitalini. Alisimama, akapiga simu, akakaa chini kwenye majani mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Nimeanza na hili kwa sababu kila nikiulizwa habari za kazi yangu, mawazo yangu huanzia hapo, ingawa kazi yenyewe ilianza miaka mingi nyuma na katika mji mwingine.

Ilianza Houston mwaka 1995. Tulikuwa tumetoka Mombasa mwaka uliotangulia, mimi, mume wangu na binti yetu Saida. Masomo yangu yaliishia kidato cha pili. Siku ya kwanza kazini nilipewa kofia ya wavu, glavu na kijiko kikubwa cha kupakulia maharagwe katika kantini ya shule. Msimamizi wa jiko, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliniambia, "Kila mtoto kijiko kimoja. Watakuangalia kwa macho ya kuomba, lakini ni kimoja tu." Wakaniangalia kweli. Nikawapa kimoja.

Nilikuwa bado na kijiko hicho wilaya ya shule ilipoanza kutafuta msimamizi mkuu mpya. Nieleze kidogo kwa wasiojua. Huku Texas shule ziko chini ya wilaya za shule, na kila wilaya ina bodi inayochaguliwa kwa kura. Kazi kubwa kuliko zote ya bodi ni kumwajiri mtu mmoja, msimamizi mkuu, ambaye ndiye bosi wa walimu wakuu wote. Kabla ya kumwajiri, bodi hutaka kujua maoni ya watu. Hukodi kampuni ya kutafuta viongozi, na kampuni humtuma mshauri wake aketi na walimu, madereva wa mabasi, wenye maduka na wazazi. Hugawa madodoso, yaani karatasi za maswali, kisha huandika wasifu, maelezo ya sifa ambazo watu wanazitaka kwa kiongozi. Wanaoomba kazi hupimwa kwa wasifu huo.

Mwaka ule walikuwepo wazazi wengi wa Kiswahili na hakukuwa na mkalimani. Mwalimu mkuu alikuja mpaka jikoni.

"Wewe ndiye unayesema Kiswahili?"

"Ndiye mimi."

"Vua hiyo kofia, uje."

Jioni nilipomweleza mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa teksi, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wakuuliza wewe, mpakua maharagwe, mkubwa wa walimu awe nani?"

"Hawaniulizi mimi. Nawauliza wenzangu kwa niaba yao."

"Basi waulize vizuri. Kwetu mkubwa huletwa kwa gari, tukaambiwa tupige makofi."

Kikao kilifanyika maktabani. Mshauri aliuliza, nami nikatafsiri: mngependa msimamizi mkuu awe na sifa gani? Mzee mmoja wa Unguja, aliyekuwa na wajukuu watatu pale shuleni, alisimama. Akasalimu, akamshukuru mshauri kwa safari yake, akawashukuru walimu, akaishukuru Amerika, akaketi. Waliomfuata walifanya vivyo hivyo. Mshauri alifunga daftari akiwa na furaha. Aliniambia wazazi wetu wameridhika sana.

Tulipotoka, mzee yule alinisindikiza hadi kwenye gari langu. Akashika mlango, akainama. "Sasa mwanangu, maneno ni haya. Watoto wetu hurudi nyumbani na njaa. Hawaambiwi nyama ya leo ni ya mnyama gani, basi hawali. Huyo mkubwa ajaye, na aliangalie hilo." Niligeuka kumtafuta mshauri, lakini gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi, au sehemu yake ngumu. Kwetu mgeni hapewi maneno mazito akiwa bado ameketi. Akiwa ameketi anapewa shukrani na chai. Maneno yenyewe hupewa njiani, anaposindikizwa, mkitembea bega kwa bega bila kutazamana usoni. Wakongo nao wako hivyo, na Wakenya wa bara si mbali. Kampuni za kutafuta viongozi zilijua kuhesabu yaliyosemwa kwenye kipaza sauti tu.

Mwaka 2000 mume wangu alipata kazi ya kuendesha basi la abiria kwenye uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth, tukahama. Mimi niliajiriwa na wilaya ndogo ya shule upande wa Fort Worth kuwa mwunganishi wa wazazi. Mwunganishi ni mtu anayekwenda majumbani kueleza habari za shule na kurudi shuleni na habari za majumbani. Bosi wangu, Mkuu wa Ofisi ya Wazazi, alikuwa mama aliyezaliwa karibu na mpaka wa Meksiko. Nilipomweleza habari ya kusindikiza, aliangua kicheko.

"Mama yangu huaga mlangoni kwa saa nzima," alisema. "Kila siri ya ukoo wetu niliisikia mlangoni. Andika na ya mlangoni, Mama Saida. Weka kichwa chake: yaliyosemwa baada ya kikao."

Tukawa tunafanya hivyo. Niliwafundisha waunganishi wenzangu wa Kihispania na wa Kivietinamu wasikimbilie gari, waegeshe mbali, wavae viatu polepole.

Mwaka uliofuata msimamizi mkuu wetu alistaafu, na utafutaji ukaanza. Nilipangiwa apatimenti zilizokuwa ng'ambo ya barabara kuu, walikoishi Wakongo waliokuwa wakifanya kazi kwenye maghala na kutunza wazee. Kikao kilifanyika sebuleni kwa Mama Esta na Papa Esta, watu wa Uvira. Watu walijaa mpaka jikoni. Niliuliza swali langu, na kama kawaida tukashukuriwa. Papa Esta alisema, "Siye hatuna neno. Batoto banasoma. Mungu asaidiye bakubwa."

Esta alikuwa mdogo, hajaanza shule. Aling'ang'ania kunibebea mkoba wangu wa madodoso, uliokuwa karibu sawa na yeye. Nilipomwambia kwa Kiswahili auache, alinijibu kwa Kiingereza kwamba ana nguvu.

"Huyu?" mama yake alicheka. "Huyu ni mukubwa wa nyumba. Siye tunafanya tu kazi yake."

Tukashuka ngazi, Esta mbele akiuburuta mkoba, mimi na mama yake nyuma. Tulipofika kwenye gari Mama Esta alisimama.

"Mama Saida, minakuambia kitu kimoja. Batoto banatembea kando ya ile barabara. Hakuna njia ya miguu. Magari inakimbia sana. Basi inapita, haibabebe. Banasema tuko karibu na masomo."

Ilikuwa kweli. Kanuni ilikuwa kwamba wanaoishi karibu na shule hawapewi basi, na ukaribu ulipimwa kwenye ramani. Kwenye ramani apatimenti zile zilikuwa karibu. Wazazi wengine wanne walinifuata mmoja mmoja pale pale kwenye gari, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake, wakasema jambo hilo hilo.

Niliandika yote. Mshauri wa safari hii alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima. Alinipigia simu yeye mwenyewe.

"Mama, nimesoma ya baada ya kikao. Lakini basi ni jambo la utendaji. Bodi imenituma nilete sifa za mtu."

"Wazazi hawakunipa sifa, bwana. Walinipa basi."

"Basi nitaliweka mahali. Sitalitupa."

Hakulitupa. Wasifu ulipochapishwa, sifa ya kwanza ilikuwa hii: awe msikivu kwa jamii zote. Chini yake kulikuwa na mstari unaosema kwamba wazazi wahamiaji wana mahitaji mbalimbali. Nilimpelekea Mama Esta, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni sawa. Musikivu ni muzuri," alisema. "Na basi?"

Bodi ilimwajiri msikivu kweli. Sitamsema vibaya, kwa sababu sina la kumsema. Alikuja apatimenti, akavua viatu, akala sombe, yaani kisamvu, kwa mkono akajimwagia shatini. Watoto walimcheka naye akacheka. Mama Esta alimsindikiza mpaka chini, nami nikatafsiri maneno yale yale pale pale. Aliyarudia kwa mdomo wake ahakikishe ameelewa. Aliipeleka habari kwa Mkuu wa Usafiri. Mkuu wa Usafiri alijibu kwamba kanuni ikivunjwa kwa apatimenti moja, zote zitadai, na madereva hawatoshi. Ikapangwa ipelekwe kwenye bajeti ya mwaka ujao. Mwaka ujao ulifika, kukawa na paa la shule lililoharibiwa na mvua ya mawe. Ikasogezwa tena. Katika miaka hiyo Esta alianza shule, akaingia darasa la kwanza, akaingia la pili. Baba yake alipokuwa zamu ya mchana alimsindikiza kwa miguu. Alipokuwa zamu ya asubuhi, Esta alikwenda na wenzake.

Asubuhi ile baba yake alikuwa zamu ya asubuhi.

Msimamizi mkuu alikuja kwenye mazishi peke yake, bila mpambe. Alikaa nyuma, akalia, na sikudhani hata kidogo kwamba analia kwa ajili ya kuonekana. Kabla ya mwaka wa shule kwisha, basi likaanza. Dereva aliambiwa asimame mahali penye nafasi ya kutosha, na mahali hapo palikuwa chini ya ngazi ya Mama Esta. Kila asubuhi taa zake nyekundu ziliwaka ukutani sebuleni mwao. Wadogo zake Esta wakawa wanapanda hapo.

Watu waliendelea kumwita Mama Esta. Hapakuwa na jina jingine la kumwita.

Mwaka uliofuata msimamizi mkuu alipata wilaya kubwa zaidi upande wa Houston, akaenda. Ikaja kampuni mpya, mshauri mpya, na dodoso jipya lenye swali la kwanza lile lile. Bosi wangu aliniita ofisini akafunga mlango.

"Kwa Mama Esta nitamtuma mwingine," alisema.

"Akienda mgeni watasema tumewasahau."

"Na ukienda wewe?"

Nikachukua mkoba.

Nilistaafu mwaka 2006. Mume wangu naye aliacha kazi, tukahamia mji wa Katy, karibu na Houston, kwa binti yetu Saida, ambaye ni muuguzi na hushinda nusu ya siku barabarani. Wajukuu huzungumza nami kwa Kiingereza, mimi huwajibu kwa Kiswahili, tunaelewana. Mara nyingine vijana wanaofanya kazi kama niliyoifanya huja kuniuliza namna ya kuwafanya watu wetu waseme kwenye vikao. Huwaambia wasihangaike na kikao. Waegeshe mbali, watembee polepole, wawape watu njia ya kutembea nao. Huwaambia pia kwamba ukipewa jambo, lifuatilie kwa jina lake, usiruhusu libadilishwe kuwa sifa. Jambo lililopewa jina jingine hakuna anayekwenda kulitafuta. Wao huandika, hushukuru, huenda. Nami hujiuliza kama nami nawaambia mambo ya kikaoni tu. Kwa hiyo nimalizie na siku ile, ambayo sijamsimulia mtu.

Nilifika saa ya alasiri. Mama Esta alinifungulia, akanikumbatia, akaniuliza hali ya Saida na miguu ya mume wangu. Alileta chai ya maziwa na maandazi. Papa Esta alikuwapo, amekaa chini ya dirisha. Safari hii hatukuwa na jirani yeyote. Tulizungumza habari za baridi na za kazi ya ghala. Kisha nikatoa dodoso, kwa kuwa ndilo lililonileta, nikauliza kama nilivyotakiwa kuuliza.

"Mngependa msimamizi mkuu mpya awe na sifa gani?"

Papa Esta aliangalia mikono yake. Mama Esta alimimina chai zaidi ingawa kikombe changu kilikuwa bado kimejaa nusu.

"Andika tunashukuru," alisema Papa Esta.

"Mnashukuru nini, Papa Esta?"

"Basi inakuya."

Niliandika. Nilikunywa chai yote. Nilivaa viatu polepole kuliko siku yoyote niliyowahi kuvaa viatu, nikafunga kamba, nikafungua, nikafunga tena. Mama Esta alisimama akanipa mkoba wangu mwenyewe mkononi. Akanishika bega.

"Uende muzuri, Mama Saida."

"Mbaki salama."

Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia mlango ukifungwa, halafu kitasa. Nilishuka ngazi nimebeba mkoba, nikavuka maegesho mpaka kwenye gari, nililokuwa nimeliegesha mbali kama desturi yangu. Nikafungua mlango, nikasimama hapo nimeushika, uso nimeuelekeza kwenye ngazi. Hakuna aliyeshuka.