Kitamili cha Tumainieli

Ungefika Same mwaka 1952 ukauliza nani anajua Kitamili, wangekuelekeza kwa Tumainieli kabla hujamaliza swali. Alikuwa mtu wa Kighare, huko milimani Upare, mrefu, mwenye mguu mmoja mzito, na kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za reli pale stesheni. Wakati wa vita alikuwa Keya, askari wa Mwingereza. Huko Seloni, kisiwa cha karibu na India, lori lilimvunja mguu, akalala hospitali miezi miwili, na mfagiaji wa wodi, Mtamili mmoja mpole, akawa anampa maji na kumfundisha neno mojamoja. Tumainieli alirudi nyumbani na maneno matatu: *tanni*, yaani maji, *vali*, maumivu, na *anna*, kaka. Basi. Yale mengine aliyoyamwaga miaka minane kwenye vilabu vya dengelua, pombe ya miwa, aliyatunga palepale. Wahindi wenye maduka walikuwa Wagujarati, Kitamili hawakijui zaidi yangu mimi na wewe, kwa hiyo hakukuwa na wa kumsuta.

Kisha shamba moja la mkonge likapata msiba. Mnyapara wa ghala alikutwa amekufa ndani ya tangi la maji, na akakamatwa Murugesan, mpishi wa shamba, kwa sababu siku moja kabla watu walimwona akigombana naye. Murugesan alikuwa Mtamili. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni tu, chumvi na kuni na lete sufuria. Wiki tatu alikaa rumande akisema, na hakuna aliyejua anasema nini. Mkalimani wa Dar es Salaam hakuwa na dalili ya kufika, ndipo Simeoni, karani wa boma, alipomkumbuka jirani yake.

"Bwana Tumainieli, Jumatatu asubuhi tunakutaka bomani," Simeoni alisema, amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Bwana Shauri anasikiliza kesi ya yule mpishi. Akikiri, anapelekwa Mahakama Kuu, na huko ni kamba. Ukiifanya vizuri, kazi ya ukalimani ni yako moja kwa moja."

Hapo mtu mzima angesema hapana. Lakini Dina mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na ungo wa mchele, na uso wake uling'aa kwa fahari.

"Hakuna taabu," Tumainieli akasema.

Sasa, Jumapili, siku moja kabla ya kesi, akaja Amiri wa sinema. Alikuwa akizunguka na mashine yake kwenye miji ya reli, na safari hii sanduku la filamu lilipotea njia, akaletewa la watu wengine. Badala ya nyimbo za Kihindi alizowatangazia watu, alikuta picha ya Kitamili, ya mauaji, iliyotokana na kitabu ambacho, alisema, huko kwa Watamili watu walikisoma mpaka kurasa zikachakaa. Ghala la mfanyabiashara mmoja, alimofunga mashine, lilikuwa limeshajaa, madirisha yamezibwa kwa magunia, jua la saa tisa linachungulia matunduni.

"Mtamili! Mtamili atueleze!" watu wakapiga kelele.

Tumainieli akasimama kando ya shuka la kuonyeshea picha, na hakika alikuwa na kipaji. Kwenye picha, tajiri mmoja alikutwa amenyongwa kitandani. Kulikuwa na dada wa marehemu, mjane mpole anayewasha taa kila jioni, na mtunza bustani mwenye jicho moja. Tumainieli alimtazama huyo wa jicho moja, akaona huyu ndiye. Akamtungia wivu, akamtungia deni la damu, akamtungia kamba. Watu walishika vichwa. Mtunza bustani alipopelekwa mbele ya hakimu akapiga magoti, viganja vimeshikana, akilia na kusema maneno mengi, Tumainieli alipaza sauti ikatetemeka: "Anakiri! Anasema, ni mimi niliyemuua, nisameheni!"

"Mnyongeni!" akafoka Safia, muuza maandazi, aliyekaa mbele kabisa.

Wakamnyonga kweli. Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Yule mjane mpole, peke yake chumbani, alifungua kasha, akatoa kitambaa kirefu, akakizungusha mikononi, na picha ikarudi nyuma ikaonyesha usiku ule, shingo ya kaka yake na mikono yake mwenyewe. Hapakuhitajika mkalimani. Ghala likapasuka kwa kicheko.

"Mtamili, umenyonga mtu bure!" Safia alipiga kelele, machozi yanamtoka kwa kucheka. Wote wakaitikia, bure, bure, wakimpiga mabegani kwa mapenzi. Hakuna aliyemkasirikia. Yeye peke yake hakucheka, akatoka kabla shuka halijakunjwa.

Jioni hakula. "Baba Eliwaza, una nini?" Dina akauliza, naye akamweleza yote, maneno matatu na miaka minane. Dina akaisogeza kando chai iliyopoa.

"Na kesho utasema nini?"

"Sijui."

"Watakucheka mpaka Lembeni," Dina alisema, sauti kavu. "Nami watanicheka." Hakumwambia afanye lipi.

Jumatatu boma lilijaa watu waliokuwa ghalani jana. Murugesan aliletwa, amekonda, shati la rumande linampwaya. Simeoni alimwonyesha mkalimani kwa kidole. Mpishi alimtazama Tumainieli na macho yakajaa. Akapiga magoti palepale, akashikanisha viganja, akasema haraka na kwa kirefu, akilia, na katikati ya mafuriko yale Tumainieli alisikia neno moja analolijua. *Anna.* Likarudi tena. *Anna.*

"Amekiri?" Simeoni alinong'ona, kalamu tayari.

Ilitosha kuitikia kwa kichwa tu. Bwana Shauri, hakimu wa boma, alimtazama juu ya miwani. Dina alikuwa mlangoni, khanga kichwani. Tumainieli aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na hofu kubwa kuliko aliyoiona vitani.

"Bwana, sikuelewa," akasema. "Kitamili sikijui. Nilidanganya watu wote hapa."

Kicheko kilianzia mlangoni, kikajaa chumba, mpaka Bwana Shauri akapiga meza. Alimkaripia, akamtoa nje, na kesi ikaahirishwa.

Mkalimani wa Dar es Salaam alifika baada ya wiki tatu. Siku moja tu ilitosha kujua kwamba Murugesan, siku ya kifo kile, alikuwa Lembeni kununua vitunguu, na Kassimu, dereva wa shamba, aliyempeleka na kulala huko pamoja naye alikuja kuthibitisha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Kassimu.

Murugesan aliachiwa, na treni ya kumpeleka pwani ilisimama stesheni mchana, mbele ya Tumainieli na bendera zake. Watoto walikuwa bado wanamwita Mtamili, kwa dhihaka sasa. Mpishi alimwona, akashuka, akasema jambo, na mkalimani wa Dar es Salaam, aliyesafiri naye, akalifasiri.

"Anasema siku ile bomani alikuwa anakushukuru. Kwamba amepata kaka, sasa atasikika. Anauliza kama ulimwelewa."

 Tumainieli alikwenda kwenye mtungi wa stesheni, akajaza kikombe, akarudi akichechemea.

"*Tanni*," akasema.

Murugesan akakipokea kwa mikono miwili, akanywa yote.