Pembe ya Kupimia Baruti

Mwanangu, iko siku moja nnayoikumbuka kwa pua kabla sijaikumbuka kwa macho. Siku hiyo moshi wa ubani wa mama yangu nusura ukutane na baruti ya Ami Khalfan katika ukumbi mmoja, hapa hapa Maskati, na lau vingekutana, leo ungekuwa unamsikiliza bibi wa mtu mwengine. Imenirudia jana uliponiita chumbani kwako kunionesha kile kimashine ulichokifunga kwenye meza, cha kujazia risasi mwenyewe nyumbani. Umeniambia kibali unacho, kilabu chako cha shabaha kinakujua, na mafunzo umeyaona kwenye simu. Ukacheka nilipokwambia kazi hiyo niliifanya mimi kabla mama yako hajazaliwa. Haya, kaa kitako. Kahawa hiyo hapo, na halua usiimalize peke yako.

Tulifika Maskati mwaka ule wa sitini na nne, mama na mimi, tukitokea Unguja baada ya mambo kuharibika. Baba yangu alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Aliyetupokea ni ndugu yake, Ami Khalfan, mtu mrefu, mkavu, mwenye ndevu za hina, ambaye ujanani mwake aliweka duka Pemba miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa kikali kuliko changu. Nyumba yake ilikuwa nje ya ukuta wa mji. Nilikuwa msichana mbichi, nimetoka mji wenye umeme na senema, nikaja mji ambao mlango wake mkubwa ulifungwa mapema usiku, na anayetoka baada ya hapo hutoka na taa mkononi. Wenzangu niliokuja nao walilia mwezi mzima. Mimi nililia kidogo tu, maana kila kitu kilinishughulisha. Kwa nini kahawa haitiwi sukari? Kwa nini mtu avae khanjari, jambia la kiunoni, kwenda kununua samaki? Na kwa nini kila nyumba ina bunduki ukutani, na kando yake mkanda wa risasi?

Bunduki zenyewe zilikuwa kongwe, za kurithiwa. Risasi mpya hazikuwa rahisi kupatikana, basi ganda la shaba likishapigwa halikutupwa. Liliokotwa, likasafishwa, likatiwa fataki mpya ya kuwashia matakoni, likajazwa baruti, likavishwa kichwa cha risasi, likarudi mkandani. Ami alifanya kazi hiyo nyumbani kila ilipokaribia Idi ya kuchinja, kwa sababu Idi ndiyo siku ya wanaume kucheza ngoma ya razha na mapanga na bunduki zao, kisha wakatoka kwenda kupiga shabaha bondeni, jiwe jeupe likawekwa mbali juu ya kilima. Mwaka ule Nasor, mtoto wa Ami, alikuwa anakwenda kupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Nasor ndiye babu yako. Nilikuwa nimeshaposwa naye, na kwa kuwa tulikuwa nyumba moja, tulikuwa tunakimbiana ukumbini kama paka na panya.

Siku ya kujaza risasi, nyumba ile haikupika kahawa. Wewe umezaliwa hapa, unajua maana yake. Nyumba ya Mwomani alasiri bila kahawa! Majirani walishazoea, wakiona meko yamezimwa na mlango umerudishwa, hawabishi. Ami alikaa sakafuni na sinia kubwa la shaba mbele yake, mimi nikakaa pembeni nikitizama, mpaka akachoka na macho yangu.

"Wataka nini we mtoto?"

"Nataka kujua, Ami."

"Kujua vipi inafanywa, au kujua kwa nini inafanywa hivyo?"

Nikasema vipi. Ningekuwa na akili ningesema yote mawili, lakini vidole vilikuwa vinaniwasha. Ami akanitizama, akasogea, akanipa nafasi siniani pake. Mtu yule alikuwa mkali, lakini alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kumnyima elimu mtu aliyeiomba.

Akanionesha. Akanipa kipembe cha mbuzi kilichokatwa, kidogo, laini kwa kushikwa. Hicho ndicho kipimo chake. Huchota baruti, hupitisha mgongo wa kisu juu ya mdomo wa pembe, kinachozidi huanguka, kinachobaki humwagwa ndani ya ganda. Pembe moja, ganda moja. Mfuto, kama tulivyokuwa tukisema dukani, yaani kipimo kilichosawazishwa mdomo, hakina kilima juu.

Hapo ndipo mama yangu alipotokea. Maskini mama, alasiri yake Unguja ilikuwa haipiti bila ya kufukiza nyumba. Kaja na chetezo mkononi, makaa mekundu, ubani unapanda, anaimba kwa sauti ya puani. Sijapata kumwona mzee akiruka vile. Ami aliruka juu ya sinia kama kijana wa mpira, akamkamata mama mkono, akamtoa na chetezo chake mpaka uani.

"Shemeji! Wataka kutufukiza au kutuzika?"

Mama akashika kifua, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Ami hakucheka. Alipotulia alitawadha, akasema anakwenda msikitini na ana mgonjwa wa kumtizama huko, nami niendelee kama alivyonionesha.

Nikaendelea. Sasa sikiliza vizuri. Marehemu baba yangu alikuwa na duka la mchele, na nilikuwa nikimsaidia kupima tangu kimo changu kikiwa sawa na gunia. Baba alikuwa hapimi mfuto. Pishi yake ilijaa mpaka ikafanya kilima, na baada ya kilima aliongeza gao la mkono, yaani ujazo wa kiganja. Akiniambia, "Mwanangu, ole wao wapunjao. Mpimie mwenzio kama unavyotaka upimiwe kaburini." Watu walivuka mitaa kuja kununua kwetu. Basi nilipokuwa nikipitisha kisu juu ya ile pembe, mkono wangu ulikuwa unaona haya. Mama akaja kuchungulia, safari hii mikono mitupu, akaninong'oneza, "Hawa ndugu zetu, bahili hata wa baruti!" Tukacheka. Nami nikawaza, hizi ni za Nasor, ni za kwenda kupiga mbele ya watu. Itakuwaje mkono wangu mwenyewe umpunje?

Nikaweka kisu pembeni. Nikapima kama baba. Kila ganda kilima chake, na gao juu. Pale baruti ilipokuwa nyingi nikaishindilia kwa kijiti mpaka kichwa kikakaa. Nilifanya kwa mapenzi, mwanangu, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Ami aliporudi alikuta sinia safi na mikanda miwili imejaa, wake na wa mwanawe. Akasema, "Mashaallah." Nikalala nikijiona.

Asubuhi ya kesho yake, mkesha wa Idi, Ami alikaa kuzikagua moja moja. Alikuwa na desturi ya kuipitisha kila risasi mbele ya jicho, akiizungusha. Akasita. Akairudia moja.

"Hii nani kajaza?"

"Mimi, Ami," nikajibu, kifua mbele.

Akaning'inizia ile risasi machoni. Kichwa chake kilikuwa kimekaa juu kidogo kuliko wenzake. Akaking'oa taratibu, akaichukua pembe, akamwaga baruti ya lile ganda ndani yake. Pembe ikajaa, ikafurika, nyengine ikamwagika siniani. Tukaitizama sote.

"Nani kakufunza kupima hivi?"

"Baba."

Aliinamia sinia. Nilidhani atanipiga. Alipopandisha uso nikaona macho yake yana maji, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiuza mchele," akasema. "Mchele ukizidi mtu hula, akashiba, akakuombea dua. Hii wampa nani akaile?"

Nikaanza kuzoa baruti iliyomwagika siniani.

"Zipi nyengine ulizojaza hivi?"

Nikatizama mikanda. Zangu na zake zilikuwa zimechanganyika, na nyingi za kwangu nilikuwa nimezishindilia mpaka haziwezi kujulikana kwa kuzitizama. Nikamwambia sijui. Ami akavuta mikanda yote miwili, akaanza kuzing'oa zote, zake na zangu, moja baada ya moja. Hakunifokea. Baruti yote akaimwagia maji. Na baruti nyengine haikuwako ndani ya nyumba, wala sokoni isingepatikana kabla ya Idi.

Nasor akaingia akakuta maganda matupu yametapakaa. Alikuwa kijana wa maneno mengi, lakini siku hiyo alimtizama baba yake, akanitizama mimi, akatoka. Mwaka mzima alikuwa akingojea siku ile. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo nikauliza lile ambalo ningeuliza mwanzo. "Ami, lau zingepigwa, zingefanya nini?"

Nilitaka aniambie zingemuua, nijue uzito wa kosa langu. Au aniambie zisingefanya kitu, nipumue. Akafikiri, mkono ndevuni.

"Sijui," akasema.

"Hujui, Ami? Wewe?"

"Sijui. Pengine zingempiga bega tu, akarudi akijisifu kwa kishindo. Lakini maganda haya yamejazwa na kupigwa tangu hujazaliwa, na shaba huchoka kama mtu. Pengine moja lingepasuka, moto ukarudi nyuma. Na nyuma ya bunduki, mwanangu, kumekaa nini?"

Nikaona shavu la Nasor limelala juu ya mti wa bunduki, na jicho lake moja wazi. Nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku tuliyoondoka Unguja.

"Basi hiyo pembe," akasema Ami, "si ubahili. Aliyeikata ni babu yangu. Alitafuta mpaka akapata kiasi ambacho ganda na bunduki vinakistahimili. Ndani ya mfuto wake, najua. Juu ya mfuto, sijui. Na nisilolijua simpi mtu alibebe shavuni mwake."

Siku ya Idi walitoka wote wawili, baba na mtoto, bunduki begani na mikanda mitupu kiunoni. Ami angeweza kuazima, lakini alisema risasi ambazo hakumwona aliyezijaza haziingii kwenye bunduki yake. Nilichungulia dirishani wakiondoka. Maskati ile, mtu kwenda razha na mkanda mtupu ilikuwa kama kwenda harusini bila viatu. Watu waliwacheka, tena waliwacheka sana, na Ami hakumweleza mtu sababu. Alinisitiri.

Jioni Nasor alipita mlango wa jikoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kwa baba yake.

"Bint ami," akaniita, yaani mtoto wa ami yake, "watu wamenicheka mpaka wamechoka, wallahi."

Nikamwambia anisamehe.

"Mwaka kesho utanijazia wewe. Baba kasema."

"Mimi tena? Kwa nini asikujazie yeye?"

"Kasema wewe umeshaogopa."

Na kweli, mwanangu, mwaka uliofuata nilizijaza mimi, na mwaka wa baada yake, tukiwa tumeshaoana, mpaka mwaka wa sabini nchi ilipofunguka na risasi za dukani zikaja. Kila nilipopitisha kisu juu ya pembe, mkono ulinitetemeka kidogo, na Ami akiuona mtetemeko ule akatabasamu. Kuna siku niliacha kutetemeka; siku hiyo alininyang'anya pembe, akanambia nikapike.

Sasa wewe na kimashine chako. Sikukatazi. Kutaka kujua ni neema, nami nnaipenda ndani yako, maana nnajua umeipata kwa nani. Lakini usiridhike na simu ikikuonesha vipi. Itafute kwa nini, na ukae na mtu aliyeifanya kazi hii miaka mingi akutizame mikono, kabla hujaketi peke yako. Kiasi kilichoandikwa na wajuzi usikizidishe hata kwa chembe, kwa kuwa moyo wako mzuri haupunguzi nguvu ya baruti. Chumba kisiwe na moto, wala mgeni, wala mazungumzo. Ukichanganyikiwa na moja, zivunje zote, hata kesho yake ikiwa Idi na watu wakikucheka. Tahadhari kabla ya hatari, na usilolijua ni usiku wa kiza. Ukarimu, mwanangu, uweke kwenye mchele. Huko ongeza kilima, na gao juu yake, kama alivyofanya baba yangu.

Babu yako alifariki akiwa mzee wa mvi, kitandani pake, akinitizama. Macho yake yalikuwa mawili, mazima, na niliyafumba mimi kwa mkono huu huu.

Ile pembe iko kabatini, imefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Ichukue. Mola akupe mkono mwepesi wa kutoa na mzito wa kupima, akulinde wewe na kila atakayesimama karibu yako, na siku utakapoacha kuogopa, akuletee mtu wa kukunyang'anya pembe. Amin.