Bastola Chini ya Koti la Mkurugenzi

Diploma yangu niliilipia mwenyewe Marekani kwa kuosha vyombo hotelini. Sikupelekwa na serikali, wala kanisa, wala mjomba mwenye cheo. Nasema haya mapema kwa sababu mkurugenzi wa chuo kidogo cha mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, aliyeniajiri niliporudi, alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba yeye ndiye aliyenitengeneza. Mtu huyo alirithi ploti za baba yake, akajenga vyumba vya kupangisha na madarasa ya mabati. Kwake elimu ilikuwa kodi ya nyumba kwa jina lingine.

Kila Ijumaa mchana niliendesha mjadala. Niliwasimulia wanafunzi juu ya kijana wa chuo changu kule ng'ambo aliyesimama nje ya maktaba akidai wanafunzi waruhusiwe kuingia darasani na bunduki. Nilimwambia usoni kwamba ni mjinga. Askari wa chuo alisimama kando kumlinda asisukumwe, naye akasema mpaka akamaliza, akakunja bango lake, akaenda kula. Hapa kwetu, miaka hiyo ya tisini, hata kukusanyika kulitaka kibali cha chifu.

Mwanafunzi mmoja wa Silanga, Kibera, ambaye mamake aliuza makaa, aliomba kutetea hoja hiyohiyo: raia wa kawaida aruhusiwe kumiliki bunduki. Majambazi walikuwa wamevunja mlango wao. Nilimwambia nitapiga kura dhidi yake, lakini atasema.

"Majambazi wako nayo," akaanza. "Polisi wako nayo. Mkurugenzi wetu pia yuko nayo, hapo chini ya koti, tunaionaga akiinama. Sisi wa Silanga tuko na nini? Filimbi."

Darasa likacheka. Mkurugenzi alikuwa mlangoni.

"Nani amewapa kibali?"

"Hili ni darasa, mzee," nikasema.

"Darasa la bunduki?" Akamgeukia kijana, ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa. "Nyinyi watu wa ziwani ni midomo tu. Na wewe Mmarekani, unataka chifu anifungie chuo?"

Akaamuru kijana aombe msamaha Jumatatu kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya chuo kizima, la sivyo hatafanya mtihani wa diploma. Nilimshauri kijana akatae.

"Mwalimu, wewe cheti unacho," akanijibu. "Wacha nitafute changu."

Nilikasirika. Sikufundisha watu kupiga magoti.

Sasa, mkurugenzi alikuwa na desturi aliyoitoa katika shule ya misheni alikochapwa utotoni: anayeomba msamaha lazima ataje kosa lake lote, kwa sauti, kabla ya kusamehewa. Jumatatu hiyo alimwalika naibu wa chifu aje aone nidhamu. Wapangaji wa vyumba vyake vya jirani nao wakajisogeza kwenye ua.

"Taja kosa," akaamuru.

"Naomba msamaha," kijana akasema, "kwa kusema mkurugenzi hubeba bastola chini ya koti."

Naibu wa chifu akaligeukia koti.

"Naomba msamaha pia kwa kusema huwa tunaiona akiinama."

"Kwani iko na leseni?" naibu akauliza polepole.

"Fungua koti tuone, landlord," mpangaji mmoja akasema kutoka uani, na wenzake wakaangua kicheko.

Mkurugenzi alilishika koti kwa mikono miwili. "Inatosha. Amesamehewa. Rudini madarasani."

Amesamehewa: naibu wa chifu alisikia, walimu walisikia. Hakuweza tena kumnyima mtihani, na kijana aliufanya akapita. Mimi nilifutwa kazi kabla ya saa sita. Sikumbembeleza, mtu aliyeosha sufuria za watu baridi ikiuma hatishwi na mabati ya Kawangware.

Jioni nilitembea na kijana huyo kuelekea Kibera. Nilimwambia bado naamini bunduki mkononi mwa kila mtu ni upumbavu.

"Mkurugenzi hakuniacha nifike hoja ya pili," akasema.

Akaianza hapohapo barabarani, nami nikampinga neno kwa neno mpaka Silanga.